Mishiri ya Karai: Mboga ya Upesi kwa Jamaa ya Mkulima

Wakulima wengi wa Kirinyaga, Murang'a, Machakos na Meru wanaijua sana mishiri. Huipanda, huipalilia, huimwagilia maji, huichuma asubuhi na mapema na kuipanga ndani ya kreti kwa uangalifu mkubwa. Baada ya siku mbili tatu mishiri hiyo huwa imekwisha kupanda ndege na kufika Ulaya, na huko watu huila kwa furaha na kuilipia pesa nyingi.

Lakini ingia jikoni mwa mkulima mwenyewe jioni ya siku ile ile, utazame ndani ya sufuria. Mara nyingi utakuta kabichi iliyonunuliwa dukani. Mishiri iliyokataliwa na mnunuzi imekwisha kutupwa mbele ya ng'ombe.

Jambo hili si zuri, na katika makala haya tutaeleza sababu zake. Tutaeleza pia namna ya kupika mishiri upesi kwa moto mkali, hata iwe na madoa ya kuungua kidogo na harufu ya kupendeza. Tena kuna swali moja ambalo kila mzazi hana budi kuuliza kabla ya kuweka mishiri motoni. Swali hilo ni kubwa kuliko mapishi yenyewe.

KATIKA NYUMBA MOJA KARIBU NA MTO THIBA

Tulikwenda kutazama shamba moja dogo huko Kirinyaga, pamoja na Bibi Shamba wa sehemu ile. Mwenye shamba ana vipande viwili vya mishiri, kimoja juu karibu na nyumba, na kimoja chini karibu na mfereji. Tulipofika, gari la mnunuzi lilikuwa limekwisha kuondoka. Kando ya banda kulikuwa na kreti mbili za mishiri iliyokataliwa. Mingine ilikuwa imepinda, mingine ilikuwa minene kupita kipimo, na mingine ilikuwa na alama za wadudu.

Msomaji anajua kwamba kipimo hicho ni kikali. Mishiri ya daraja la kwanza haitakiwi kuzidi unene wa milimita 6 hivi. Ikikaa siku moja au mbili tu zaidi shambani hunenepa na kushuka daraja, na ndiyo sababu mkulima hulazimika kuchuma mara mbili au tatu kila wiki.

Bwana alikuwa amekwisha kuinua kreti ya kwanza kumpelekea ng'ombe. Bibi Shamba akamzuia.

"Baba, mbona mnampa ng'ombe chakula chenu?"

"Hiki si chakula chetu, madam," akajibu yule bwana huku akicheka. "Hii ni mboga ya wazungu."

Nyanya mwenye nyumba, ambaye wajukuu wanamwita Shosho, alikuwa amekaa kivulini akichambua maharagwe. Akasema, "Mimi niliipika siku moja. Niliichemsha pamoja na githeri tangu saa nane mpaka jioni. Ikawa kama majani ya ng'ombe, haina rangi wala ladha. Tangu siku hiyo sikuitaka tena."

Hapo tukafahamu. Mishiri haikuwa na kosa, ila ilikuwa imepikwa kwa njia ya maharagwe makavu, na njia hiyo haiifai.

MISHIRI NI NINI?

Mishiri ni ndugu halisi wa maharagwe, maana asili yao ni mmea mmoja uliotoka mabara ya Amerika. Tofauti ni kwamba maharagwe hungojwa mpaka yakomae na kukauka, lakini mishiri huchumwa ikali changa, ganda likiwa laini na mbegu ndani zikiwa ndogo sana.

Kwa hiyo mishiri ni mboga. Gramu 100 za maharagwe makavu zina gramu 20 na zaidi za protini, yaani chakula cha kujenga mwili, hali gramu 100 za mishiri zina gramu 2 hivi tu. Mama asidhani kwamba akipika mishiri amekwisha kuwapa watoto maharagwe. Lakini mishiri ina vitamini C, karibu miligramu 12 katika kila gramu 100, tena ina nyuzinyuzi za kusaidia tumbo kufanya kazi vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kila mtu mzima ale walau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Mkulima mwenye mishiri shambani ana sehemu ya gramu hizo karibu na mlango wake.

Twasema tena wazi kwamba sukuma wiki, managu, terere na kunde zina vitamini nyingi kuliko mishiri. Usiziache. Mishiri na iwe mboga ya kuongeza juu ya hizo, ili watoto wasichoke na chakula cha namna moja.

KWA NINI MOTO MKALI?

Vitamini C ni kitu dhaifu. Huharibiwa na moto wa muda mrefu, tena huyeyuka ndani ya maji, na ukiyamwaga maji huenda nayo. Mboga iliyochemshwa kwa saa nzima na maji yake kumwagwa imepoteza sehemu kubwa ya faida yake. Rangi ya kijani nayo hufifia ikawa ya kijivu. Baadhi ya mama hutia magadi ili rangi isipotee na mboga ilainike. Ni kweli rangi hukaa, lakini magadi huzidi kuharibu vitamini. Heri kupika kwa muda mfupi.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ladha. Maji huchemka kwa joto la digrii 100 huko Mombasa. Hapa Nairobi, kwa sababu tuko juu sana kuliko bahari, huchemka kwa digrii 94 hivi. Lakini mboga haianzi kugeuka kahawia na kutoa harufu nzuri ya kukaangwa mpaka ngozi yake ifike digrii 140 hivi. Kwa hiyo mboga iliyozama ndani ya maji haitapata ladha hiyo hata ukiichemsha tangu asubuhi mpaka usiku. Yataka chuma kikavu chenye moto. Msomaji aliyepata kula hindi la kuchoma na hindi la kuchemsha anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Watu wa mataifa mengine wameijua siku nyingi. Wachina wa jimbo la Sichuan hukaanga mishiri katika karai mpaka ngozi yake ijikunje na kupata madoa. Hapa kwetu Kenya, Wahindi wenye asili ya Gujarat huiita fansi, na huikaanga pamoja na viungo. Sisi tunaoilima twaweza kujifunza pia.

Sababu ya tatu ni makaa. Jiko linalowaka kwa dakika 15 halili makaa sawa na jiko linalowaka saa nzima. Mama anayenunua makaa kwa mkebe anaweza kujihesabia mwenyewe.

SWALI LA KWANZA KABLA YA KUPIKA

Bibi Shamba hakuanza kwa kuomba karai. Aliuliza, "Baba, mlinyunyizia dawa lini?"

Yule bwana akaleta daftari lake. Na tumsifu kwa jambo hilo, maana wakulima wengi hawaandiki. Kipande cha chini, ambako mishiri ya zile kreti ilichumwa, kilinyunyiziwa dawa siku 9 zilizopita. Bibi Shamba akaomba chupa ya dawa, akasoma karatasi iliyobandikwa. Ilisema mkulima angoje siku 7 kabla ya kuchuma. Basi mishiri ya kipande cha chini ilikuwa salama.

"Na kipande cha juu?"

Bwana akanyamaza kidogo. Kipande cha juu kilinyunyiziwa siku 2 tu zilizopita, kwa dawa ile ile, kwa sababu aliona wadudu. Na alikusudia kukichuma kesho yake, kwa kuwa mnunuzi alikuwa amesema atarudi.

"Je, mishiri hiyo ungempa huyu ale?" akauliza Bibi Shamba, akimwonyesha mtoto mdogo aliyekuwa akicheza karibu na kreti.

"La, siwezi."

"Basi isiyomfaa mtoto wako haimfai mtoto wa mwenzako, hata akiwa Ulaya."

Bwana akasema kwa uchungu, "Lakini nikingoja siku 5 itakuwa minene, na mnunuzi ataikataa yote."

Maneno yake yalikuwa kweli, wala hatutamdanganya msomaji kwamba hapakuwa na hasara. Hasara ilikuwapo. Lakini tukumbuke yaliyotokea mwaka 2013. Mwaka huo nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kukagua zaidi mishiri na minji ya maganda kutoka Kenya, kwa sababu ilikuwa imeonekana na mabaki ya dawa kupita kiasi. Wakulima wadogo wengi waliumia, hata wale waliokuwa wakifuata sheria. Kreti moja yenye dawa yaweza kuwafungia soko jirani wote.

Tena mtu asidhani kwamba akiosha mboga dawa yote itatoka. Dawa nyingine hukaa juu ya ngozi, na hizo hupungua kwa kuosha. Nyingine huingia ndani ya mmea wenyewe, na maji hayazifikii. Kinachoziondoa ni siku za kungoja. Wala mishiri hiyo isipewe ng'ombe, kwa maana dawa huweza kufika katika maziwa, na maziwa hunywewa na mtoto yule yule.

Yafaa basi mkulima akumbuke haya:

1. Soma karatasi ya chupa kabla ya kununua. Wakati wa kuchuma, tafuta dawa yenye siku chache za kungoja, iliyoandikishwa na bodi ya serikali inayosimamia dawa hizi, yaani PCPB, kwa matumizi ya mishiri.

2. Andika katika daftari siku ya kunyunyizia, jina la dawa na kipande cha shamba.

3. Weka alama, kama kijiti chenye kitambaa chekundu, katika kipande kilichonyunyiziwa, ili mke, watoto na vibarua wasichume kwa kutojua.

4. Kama hujui siku zimefika au hazijafika, usile na usiuze. Muulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wako.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa watu wanne au watano, tayarisha:

Mishiri nusu kilo. Iliyopinda ni sawa tu, lakini iliyooza itupwe.
Mafuta ya kupikia kijiko kikubwa kimoja.
Kitunguu saumu punje tatu, zikatwekatwe.
Chumvi nusu kijiko cha chai.
Nusu ya limau.
Maji vijiko vikubwa vinne.
Pilipili kidogo, na njugu karanga zilizokaangwa na kupondwa kiganja kimoja, kama unazo.

Vyombo ni karai la chuma au kikaango kizito, mfuniko na mwiko. Sufuria nyepesi haifai sana, kwa sababu moto wake hupoa mara mboga inapoingia.

NAMNA YA KUPIKA

Kwanza, osha mishiri kwa maji safi mara mbili. Kata ncha zote mbili. Iliyo minene vunja vipande viwili, na kama ina uzi pembeni, uvute na kuutoa.

Pili, ikaushe vizuri kwa kitambaa safi. Hapa ndipo wengi hukosea. Mishiri yenye maji ikitiwa katika karai haitakaangika, itachemka kwa mvuke wake yenyewe. Tena maji yakikutana na mafuta ya moto huruka na kuunguza mikono.

Tatu, tia mishiri katika bakuli, mimina mafuta juu yake, ukoroge kwa mkono mpaka kila mmoja ung'ae. Usitie mafuta katika karai. Yakitiwa huko yenyewe kwa moto mkali yatatoa moshi mwingi na huweza kuwaka. Ikiwa yamewaka kwa bahati mbaya, funika karai kwa mfuniko na uliondoe motoni. Usimwagie maji kamwe.

Nne, weka karai tupu juu ya makaa yaliyokwisha kushika vizuri. Ngoja dakika tatu. Dondoshea tone moja la maji. Likirukaruka na kutoweka mara moja, karai liko tayari. Jiko la makaa na liwe mahali penye hewa, dirisha na mlango vikiwa wazi, kwa kuwa hewa mbaya ya makaa huua bila kuonekana.

Tano, tia nusu ya mishiri tu. Ukitia yote kwa pamoja karai litapoa. Itandaze, kisha uiache dakika moja na nusu bila kuigusa. Hapa pia wengi hukosea, maana mkono hutaka kukoroga. Uzuie. Kisha igeuze, uiache tena. Fanya hivyo kwa dakika tano, mpaka iwe na madoa ya kahawia na meusi hapa na pale. Madoa ni mazuri, lakini mishiri iliyokuwa makaa matupu ni chungu, wala haifai mwilini. Itoe, upike nusu ya pili vivyo hivyo.

Sita, rudisha mishiri yote katika karai. Tia kitunguu saumu, koroga kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, kisha tia yale maji vijiko vinne na kufunika mara moja. Acha dakika tano. Usiruke hatua hii. Mishiri, kama maharagwe, ina kitu ndani yake ambacho kikiliwa kibichi huweza kuumiza tumbo na kutapisha. Joto la kutosha hukiharibu, lakini madoa ya nje si dalili kwamba ndani pameiva. Mvuke ndio unaomaliza kazi.

Saba, funua na uonje mmoja. Uwe laini kwa meno, usitoe ladha ya ubichi. Kama bado, ongeza kijiko cha maji na dakika mbili. Maji yakikauka, toa karai motoni. Sasa ndipo utie chumvi, pilipili, njugu na maji ya limau. Limau lisitiwe mapema, kwa sababu uchachu ukikaa motoni hufifisha rangi ya kijani.

Kazi yote motoni ni dakika 17 au 18 kwa karai dogo. Mwenye karai kubwa la kutosha mishiri yote mara moja atamaliza kwa dakika 12 hivi.

Kula mboga hii na ugali, wali au viazi, pamoja na maharagwe, ndengu au yai. Vitamini C iliyo katika limau husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na ndengu, na madini hayo yatakiwa sana na mama wajawazito na watoto. Chai nayo huzuia madini hayo, kwa hiyo heri kuinywa saa moja au zaidi baada ya chakula.

MBOGA NYINGINE KWA NJIA HIYO

Asiye na mishiri asisikitike. Kabichi iliyokatwa vipande vinene kama vidole viwili hupikwa hivyo hivyo. Bamia ikikaushwa vizuri na kukaangwa nzima katika karai kavu haitoi ute mwingi, hata wale wanaoichukia huila. Vikonyo vya sukuma wiki ambavyo wengi huvitupa, vikikatwa vyembamba, ni vitamu sana kwa njia hii.

MWISHO WA SAFARI YETU

Siku ile Bibi Shamba alipika, na mama mwenye nyumba akatazama, kisha karai la pili akalipika mwenyewe. Watoto walimaliza sahani kabla ya ugali kuwa tayari. Shosho alichukua mmoja, akautafuna polepole, akachukua wa pili. Hakusema neno, ila alisogeza sahani karibu naye.

Kreti zilizobaki hazikwenda kwa ng'ombe. Kidogo kiliwekwa kwa chakula cha kesho, na nyingine mama akaifunga mafungu akawapelekea majirani wawili.

Na kipande cha juu? Tulirudi baada ya wiki mbili tukauliza. Bwana yule hakukichuma siku mnunuzi aliporudi. Alingoja siku zote 7. Mishiri ilikuwa imenenepa, na mnunuzi akachagua kidogo sana. Alipoteza machumo mawili, na pesa alizozitegemea kwa karo hakuzipata zote. Hakulificha jambo hilo.

Lakini akatuonyesha ukurasa mpya wa daftari. Amegawa shamba lake kwa safu, na sasa huenda kutazama wadudu kila baada ya siku mbili ili awaone mapema wakiwa wachache. Dawa ya siku 7 ameiacha kwa miche michanga tu, kabla ya maua. Wakati wa kuchuma hutumia yenye siku chache, na hunyunyizia jioni ya siku ya kuchuma ili siku za kungoja ziishe kabla ya kuchuma tena. Juu ya ukurasa ameandika kwa herufi kubwa: JE, MTOTO WANGU AWEZA KUILA LEO?

Kila mkulima wa mishiri na ajiulize swali hilo. Jibu likiwa ndiyo, peleka kreti sokoni bila hofu, na ile iliyokataliwa kwa kupinda kwake, itie katika karai.